Narudi kwenye kuhariri picha baada ya miaka mingi: niendelee na Photoshop au nijifunze nyingine?

Mama Picha, Tororo

Habari zenu wapendwa. Nitaeleza kirefu kidogo ili atakayenijibu ajue nimetoka wapi.

Nilikuwa na studio ndogo hapa mjini Tororo hadi mwaka 2012. Picha za pasipoti, ubatizo, mahafali, familia siku ya Krismasi na Idi, harusi na kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa ukoo). Nilianzia kwenye filamu, nikahamia Nikon D90, na kazi yote ya kompyuta niliifanya kwa Photoshop CS3. Hiyo CS3 niliijua kweli. Ctrl+L, Ctrl+M, Ctrl+J, mabano ya mraba ya kukuza na kupunguza brashi, vidole vilikwenda vyenyewe huku macho yamebaki kwenye picha. Baadaye mama yangu akaugua, nikafunga studio, nikaingia biashara ya mahindi na maharage pale Malaba, watoto wakasoma. Kamera sikuiuza.

Sasa mdogo wangu anayeishi nje ameniletea Nikon D750 iliyotumika, na binti wa kaka yangu ana kwanjula mwezi wa Desemba. Ukoo umekaa, umesema mpiga picha ni shangazi. Nimekubali kwa moyo wote. Nataka yule binti awe na albamu ambayo wajukuu zake wataifungua na kuwatambua watu waliomo.

Nimepata laptopu yenye RAM ya GB 8, nikaweka Photoshop ya sasa kwa yale majaribio ya siku 7. CS3 nisingeweza kuitumia hata kama ningetaka, kwa sababu imetoka 2007 na faili za NEF (picha ghafi za kamera za Nikon) za D750, kamera ya 2014, haizijui kabisa.

Basi vidole vyangu vinagongana na hii programu mpya. Zamani Ctrl+Z ukiibonyeza mara ya kwanza inarudisha hatua moja, ukiibonyeza tena inakurejesha ulipokuwa. Mimi nilikuwa naibonyeza mara kwa mara kulinganisha uso kabla na baada, na hapo ndipo nilipokuwa naamua kama nimefika au nimepitiliza. Sasa kila nikibonyeza inazidi kwenda nyuma. Shift nilikuwa naishikilia ninapobadili ukubwa ili mtu asivutike akawa mnene. Sasa nikiishikilia ndipo anavutika. Kwenye kukata picha, zamani fremu ilitembea juu ya picha, leo picha ndiyo inatembea chini ya fremu. Ile Extract niliyokuwa natenganishia nywele na pazia la nyuma nimeitafuta menyu nzima, haipo.

Hayo ya vidole nadhani yatazoeleka. Jambo linaloninyima usingizi ni ngozi za watu.

Nilikwenda sherehe ya jirani kuijaribu kamera. Saa saba mchana, na mnajua jua la kwetu huku karibu na ikweta saa hizo liko utosini. Turubai lilikuwa la mistari ya bluu na nyeupe. Waliokaa ukingoni, mabega yako juani na nyuso ziko kivulini. Waliokaa katikati wote wana ubluu kwenye paji la uso, na chini ya kidevu kuna wekundu unaopanda kutoka kwenye udongo wetu. Nina picha moja ya mzee na mkewe ambayo naitazama kila jioni. Mzee amevaa kanzu nyeupe na koti jeusi. Mama amevaa gomesi ya satini ya zambarau, yale mabega yaliyosimama yanameta. Nikiiokoa kanzu, uso wa mzee unazama hata macho siyaoni. Nikiuinua uso, kanzu inakuwa karatasi tupu, na ule urembo wa uzi mwekundu uliotarizwa kuanzia shingoni unafutika.

Kwa CS3 ningetengeneza leya (tabaka za picha) mbili, moja ya kanzu na moja ya uso, niweke maski (kifuniko kinachoamua sehemu ipi ionekane), nipake kwa brashi. Hilo bado naliweza. Lakini sasa faili ikifunguka naletewa kwanza dirisha lenye slaida (vitelezi vya kurekebishia) ambazo sizijui. Recovery na Fill Light nilizozizoea hazipo, pana Highlights, Shadows, Whites, Blacks, Texture, Dehaze. Nikabonyeza Auto nione programu yenyewe inafikiri nini. Mzee akatoka mweupe! Rangi ya chai ya maziwa. Mzee huyu namfahamu tangu nikiwa msichana mdogo, ni mweusi wa kung'aa, na mkewe ana weusi wenye wekundu kidogo ndani yake. Kwenye picha ile wote wawili walikuwa na rangi moja, na si ya yeyote kati yao.

Kwa hiyo naomba msaada. Niendelee na Photoshop na kulipa kwa dola kila mwezi, au kuna ya bure inayofaa kazi ya mteja? Kama ni kujifunza upya, nianze na kitu gani, maana Desemba si mbali? Na nina DVD za kazi za zamani, NEF za D90 pamoja na PSD (faili za Photoshop zenye leya zake). Zitafunguka huko?

Fundi wa Nasser, Kampala

Mama, karibu tena kazini. Mimi nachapisha kadi na mabango hapa Nasser Road, Photoshop iko wazi mbele yangu kuanzia asubuhi, kwa hiyo nianze na hayo ya vidole maana yana dawa ya haraka.

Ctrl+Z ilibadilishwa kwenye toleo la CC 2019, lililotoka Oktoba 2018. Ile kazi yako ya kulinganisha haikuondolewa, ilihamishwa tu. Bonyeza Ctrl+Alt+Z, itakupeleka na kukurudisha kati ya hali mbili za mwisho kama zamani. Ukitaka mpangilio wa zamani wenyewe, nenda Edit, kisha Keyboard Shortcuts, weka tiki kwenye Use Legacy Undo Shortcuts, funga programu uifungue tena. Shift nayo ilibadilishwa katika toleo hilohilo, na ya kwake iko Preferences, General, Use Legacy Free Transform. Fremu ya kukata ilibadilika tangu CS6 ya 2012. Ukiwa umeshika Crop bonyeza kile kigurudumu juu, chagua Use Classic Mode.

Ushauri wangu lakini: hiyo ya kukata irudishe ukipenda, ila Shift na Ctrl+Z zizoee zilivyo sasa. Siku ukija mjini ukakalia mashine ya mtu mwingine utazikuta hivyo, na vidole vikishagawanyika mara mbili kazi inachosha.

Extract ilikwisha zamani. Siku hizi unatumia Select Subject, halafu Select and Mask, na humo ndani kuna brashi ya kupita kwenye ukingo wa nywele. Nywele za asili zilizotimuliwa inazikamata vizuri kuliko Extract ilivyowahi kuzikamata. Kilemba chenye shanga bado nakimalizia kwa Pen (kalamu ya kuchora mstari wa kukatia), na Pen haijabadilika hata kidogo. Ctrl+L, Ctrl+M, Ctrl+J, D na X, mabano ya mraba, nyeupe kwenye maski inaonyesha na nyeusi inaficha: yote yako palepale ulipoyaacha.

Kuhusu hela, mpango wa wapiga picha wa GB 20 uliokuwa dola 9.99 kwa mwezi ulifungwa kwa wateja wapya Januari 2025. Uliobaki, wenye TB 1, bei yake ni mara mbili ya hiyo. Kwa mtu mwenye kazi moja mbele yake mimi nisingekimbilia kulipa. Affinity, programu nyingine ya kuhariri picha, tangu Oktoba 2025 inatolewa bure, unachohitaji ni akaunti ya Canva tu. Ina leya, maski, Curves, inafungua RAW (faili ghafi za kamera) na inasoma PSD. Mtu wa CS3 akikaa mbele yake hapotei. GIMP nayo imefika 3.0 tangu Machi 2025, na vichujio vyake sasa unaweza kuvirekebisha baadaye bila kuiharibu picha ya chini, lakini leya za marekebisho zilizomo ndani ya PSD zako za zamani haitakutunzia.

Mtu akikuletea Photoshop "iliyofunguliwa" kwenye flashi diski, mkatalie. Nimeona hapa jirani mashine ya mtu ikifungiwa faili zote za harusi za wateja, na hakuna aliyeweza kuzirudisha.

Mwalimu wa Picha, Arua

Nakubaliana na fundi juu ya vitufe, ila mimi naona mama amegusa jambo kubwa zaidi bila kulitaja. Kazi yenyewe imehama nyumba.

Enzi za CS3 dirisha la RAW lilikuwa mlango tu. Unapita haraka, unaingia ndani, kazi inafanyika kwenye leya. Leo sehemu kubwa ya picha inamalizikia mlangoni. Mwaka 2012 hesabu za slaida ziliandikwa upya, ndipo Recovery na Fill Light zikaondoka, zikaja Highlights na Shadows. Halafu mwaka 2021 maski ziliboreshwa sana humohumo kwenye RAW, na mwaka uliofuata zikaanza kutenganisha ngozi ya uso na nywele za mtu mmojammoja, nguo zikafuata 2023. Zile leya zako mbili za kanzu na uso sasa ni maski mbili kwenye faili ghafi, kabla picha haijawa pikseli za kawaida. Faida yake ni kwamba pale ndipo taarifa zote za kihisio cha D750 bado zipo. Ukingoja hadi ndani, ulichokipoteza kwenye kanzu hakirudi.

Kwa hiyo kwa muda huu mfupi ulionao ningekuambia weka kando yote ya ndani. Jifunze RAW, na uijifunze kwa picha ileile ya mzee na mkewe.

Kwanza niseme juu ya Auto, maana usipoijua sababu yake utaihofia programu nzima. Inaangalia mwanga wote wa picha, inauvuta kuelekea katikati. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera nacho kina tabia hiyohiyo, kinadhani ulimwengu ukiuchanganya unatoa kijivu cha kati. Mtu mweusi mwenye koti jeusi histogramu yake (grafu ya mwanga wa picha, giza likiwa kushoto) inaegemea kushoto kwa haki kabisa. Hiyo si kasoro ya kusahihishwa. Usiibonyeze Auto kwenye watu wetu.

Kisha ubluu wa turubai. Kuna mianga miwili au mitatu katika picha moja, kwa hiyo kurekebisha rangi ya mwanga kwa picha nzima hakutakufikisha. Ukimponya wa katikati, wa ukingoni anakuwa wa machungwa. Rekebisha picha nzima kwa ajili ya yule aliye kwenye mwanga safi zaidi, halafu wale wa katikati watie maski na uongeze joto la rangi kwao peke yao. Kidevu kipake kwa brashi ndogo, ushushe wekundu kidogo sana, maana udongo wetu kweli ni mwekundu na mtu aliyekaa juu yake ana haki ya kuonekana amekaa juu yake.

Watu watakuambia bonyeza kidonezi (kile cha kupimia weupe) kwenye kanzu kwa sababu ni nyeupe. Uwe mwangalifu. Sabuni za unga nyingi zina kemikali inayofanya kitambaa kirudishe ubluu ili kionekane cheupe zaidi, na ukipima hapo nyuso zitatoka za manjano. Nunua kadi ya kijivu, mpe mtu aishike chini ya turubai kabla sherehe haijaanza, piga picha moja. Hiyo moja itakuokolea jioni nzima.

Na D750 ina kipimo kinacholinda sehemu nyeupe, alama yake ina nyota. Kwa kanzu juani kitumie hicho. Uso utatoka mweusi kwenye skrini ya kamera, usiogope, kihisio kile kina uwezo mkubwa wa kuinuliwa vivuli.

Programu: mimi natumia darktable, ni ya bure, inakwenda kwenye Windows pia. Faili ghafi haiigusi, maamuzi yako yanaandikwa kwenye faili ndogo pembeni. Nitakuwa mkweli, ni ngumu siku za mwanzo na maski zake utazichora kwa mkono wako mwenyewe. Moduli tatu zinatosha kuanzia: exposure, color calibration na sigmoid. Nyingine zote zifiche.

Mama Picha, Tororo

Asanteni sana, nyote wawili. Mmenijibu kama watu mliokuwa mmesimama nyuma ya kiti changu.

Ctrl+Alt+Z nimeipata. Nilikaa nayo jioni nzima na moyo ukatulia, kwa sababu kile ndicho kipimo changu, sina kingine. Huwezi kujua uso umefika wapi kama hukumbuki ulikotoka.

Nimefanya picha ya mzee kama Mwalimu alivyosema, nikiwa bado na siku za majaribio. Nimeshusha Highlights hadi tarizi ya kanzu ikarudi, uzi kwa uzi. Nikachagua ngozi ya uso wake, nikainua mwanga kidogo. Hapo nikaona jambo ambalo wasaidizi wangu wa studio walikuwa wakilisikia kutoka kwangu kila wiki: ngozi nyeusi inachongwa na mng'ao. Uso mweupe unaonekana umbo lake kwa vivuli, pembeni ya pua, chini ya shavu. Uso mweusi umbo lake liko kwenye ule mwanga unaokaa juu ya mfupa wa shavu, juu ya nyusi, kwenye ncha ya pua. Ukiinua vivuli vyote kwa pamoja unaufuta ule mng'ao, na uso unakuwa bapa, wa vumbi. Kwa hiyo Shadows nimeigusa kidogo tu. Badala yake nimepaka maski nyembamba juu ya shavu na paji, nikauacha mng'ao uwe mng'ao, nikautoa ubluu ndani yake tu. Mzee amerudi. Makunyanzi ya pembeni ya macho yake ambayo yanakuja anapocheka yapo yote.

Mkewe bado ananisumbua. Gomesi ya zambarau inamtupia rangi shingoni. Nitaendelea naye.

Darktable nimeifungua. Mwalimu, umesema kweli kwamba ni ngumu, lakini nimependa kwamba kila inachokifanya naweza kukiona na kukizima. Kwa sasa naona nitakwenda hivi: darktable kwa faili ghafi, Affinity kwa kuunganisha na kusafisha, na Photoshop nisiilipie. Mwenye sababu ya kunipinga aseme mapema.

Kijana wa Mbale

Shangazi, heshima yako. Mimi napiga harusi huku Mbale na nina neno tofauti kidogo. Hizi za ngozi halisi ni nzuri, lakini wateja wenyewe wanataka wawe weupe. Bibi harusi anakuja na simu yake, ananionyesha picha iliyopitishwa kwenye programu ya urembo, anasema nataka hivi. Nikimpa alivyo ananiambia kamera yangu mbaya. Kwenye sehemu ya rangi unashika slaida ya Orange, unapandisha mwanga wake, kila mtu kwenye picha anang'aa kwa sekunde moja, na wanalipa. Tufanyeje?

Mama Picha, Tororo

Mwanangu, nakuelewa, na hata enzi zangu waliniomba hivyo. Lakini hiyo Orange inaifuta familia. Baba, mama, shangazi wa upande huu na wa upande ule, kila mmoja ana weusi wake, na watu wa nyumbani wanajuana kwa huo. Ukipandisha wote kwa slaida moja umewafanya kuwa mtu mmoja.

Mimi nilikuwa nafanya hivi: namkalisha mteja, namwonyesha picha yake mwanga ukiwa umekaa sawa, mng'ao upo shavuni, macho yana nuru, ubluu umetoka. Simwambii lolote juu ya rangi. Mara nyingi alichokuwa anakikataa ni ule ujivu, ile sura ya mgonjwa inayotokana na mwanga mbaya, akawa anauita weusi. Ukiuondoa ujivu anafurahi na rangi yake. Akisisitiza bado, nampandisha mwanga wa uso wake peke yake, kwa kiasi ambacho mama yake hatauliza huyu ni nani. Zaidi ya hapo nilikuwa nakataa, na studio haikufa njaa.

Dada wa Maabara, Jinja

Nasoma huu uzi tangu mwanzo. Mimi nasimamia mashine ya kuchapisha picha hapa Jinja, na hilo la ngozi nimeishi nalo. Wakati wa filamu mashine zilisawazishwa kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke Mzungu, waliiita kadi ya Shirley. Ukifuata kadi hiyo bila kutumia jicho lako, sura zetu zilitoka kama makaa, unaona meno na macho tu. Mama wa Tororo atakuwa anakumbuka.

Naomba niongeze kitu ambacho hakijasemwa na ambacho kitakuharibia Desemba usipokiangalia. Laptopu za siku hizi skrini zake zinawaka sana kuliko zile za 2010. Mtu anahariri usiku mwanga wa skrini ukiwa juu kabisa, anaona uso umekaa vizuri, anatuletea, karatasi inatoka giza. Uso mweupe ukipungua mwanga kidogo bado unasomeka. Uso mweusi ukipungua hicho hicho kidogo, umepotea. Kama huna kifaa cha kupimia skrini, chukua picha uliyoichapisha zamani na unayoiamini, iweke karibu na dirisha mchana, faili yake ifungue pembeni, ushushe mwanga wa skrini mpaka vifanane. Halafu usiiguse tena hiyo skrini mpaka kazi iishe. Laptopu nyingi zinajibadilisha mwanga zenyewe umeme ukikatika na betri kuingia. Kizime hicho kipengele.

Ukitoa faili, toa kwa sRGB (mpangilio wa rangi ambao mashine nyingi zinausoma). Adobe RGB ikiingia kwenye mashine isiyoisoma, rangi zinafifia na zambarau ya gomesi ndiyo ya kwanza kufa. Pikseli 1200 kwa 1800 zinatosha kwa picha ya inchi 4 kwa 6.

Na hizo DVD, mama, usingoje. Diski za kuchoma nyumbani zinazeeka, na joto linazimaliza. Azima kisomeo cha DVD cha USB, nakili kila kitu sehemu mbili tofauti, anza na NEF. PSD ni kazi uliyokwisha kuitoa, lakini NEF ni kama negativu. NEF za D90 zinafunguka kwenye darktable na kwenye Camera Raw ya sasa (lile dirisha la RAW la Photoshop) bila shida. Ukizifungua kwa Camera Raw zikiwa na marekebisho ya zamani, zitakuja na hesabu za zamani. Ingia Calibration, badilisha Process iwe ya karibuni, ndipo Highlights na Shadows zitakapotokea.

Mama Picha, Tororo

Dada wa Jinja, nakumbuka sana. Nilikuwa nawaandikia watu wa maabara nyuma ya bahasha "msifuate mashine, angalieni nyuso".

Kisomeo cha DVD nimeazima kwa kijana wa duka la simu na nimeshaanza. Kuna diski moja iliyokataa kusomwa, nitaijaribu kwenye mashine nyingine. Hizo nyingine zinanakiliwa. Nimefungua NEF moja ya harusi ya jioni, watu wanacheza chini ya taa moja ya balbu, picha ambayo wakati ule nilimpa mteja ikiwa nyeusi na nyeupe kwa sababu rangi zilinishinda. Kwa darktable nimeivuta upya na rangi zipo! Leso za kina mama, kijani na njano, na nyuso zenye joto la ile taa. Yule bibi harusi bado anaishi Tororo, nitampelekea.

Nina swali moja la mwisho kwako. Kabla sijaleta kazi yote, naweza kukuletea karatasi moja ya A4 yenye uso wa mzee mara nne, kila mmoja nimeuongezea mwanga kidogo kuliko uliotangulia, ili nione mashine yako inaupokea upi?

Dada wa Maabara, Jinja

Lete, mama, ndivyo inavyotakiwa. Iwe pikseli 2480 kwa 3508, na chini ya kila uso andika umeongeza kiasi gani. Weka pia kipande cha kanzu na kipande cha gomesi karibu na kila uso, maana mashine ikikubali uso inaweza kukataa kitambaa. Njoo siku ya kazi asubuhi, kabla foleni ya pasipoti haijaanza, tutazitazama wote wawili nje kwenye mwanga wa mchana.